Buibui wa Chai Hakuja

Jumatatu baada ya paredi, Mwalimu Tecla Chepngetich alifuta ubao wa darasa la tano kwa kitambaa chenye maji, akangoja ukauke, kisha akachora nyuki. Ilikuwa Februari ya mwaka 1998. Mvua ya El Niño ilikuwa imeanza mwaka uliopita na bado haijaamua kuondoka. Viatu vya wanafunzi vilikuwa vimepangwa mlangoni vikiwa na matope mpaka kwenye kamba, na wasiokuwa na viatu walikuwa wamejipangusa miguu kwenye nyasi. Dirishani michai ilionekana ikiteremka hadi mtoni, na vichwa vya wachumaji vikielea juu yake.

Somo hilo hakulichagua yeye. Liliagizwa na Bwana Weldon, afisa wa maslahi ya wafanyakazi katika estate ile ya chai. Shule ilikuwa ya serikali, lakini mabati, madawati na tangi la maji vilikuwa vya kampuni, kwa hiyo Bwana Weldon alipokuja hakuna aliyemwacha asimame. Alieleza kwamba wanaume wanaonyunyiza dawa ya kuua magugu wamekuwa wakipata vidonda mgongoni, na mmoja wao amefariki. Ofisi ilikuwa imechunguza ikaona ni wadudu. Alitaka watoto wafundishwe juu ya wadudu na buibui wenye sumu, kwa sababu kitu anachofundishwa mtoto kinafika nyumbani kabla ya jioni. Somo la mwisho lingekuwa la buibui wa chai, anayeishi katika magugu kati ya mistari ya michai. Aliacha picha yake, kubwa, nyeusi, yenye mistari ya manjano, iliyochorwa na mtu wa ofisini mwenye mkono mzuri.

Tecla alipokuwa akiandika neno "mwiba" chini ya mchoro, nyuki aliingia dirishani, akatua mezani karibu na kopo la chaki na kugeuka ili darasa limwone kwa nyuma. Tecla alisogeza kopo. Alieleza kwamba mwiba wa nyuki una vimeno kama msumeno, kwamba unabaki kwenye ngozi ya mtu pamoja na kifuko cha sumu, na kwamba nyuki mwenyewe hufa baada ya hapo. Nyuki alitulia mpaka alipomaliza. Kengele ilipolia, alitoka kwa njia aliyoingilia.

Jumatano alikuja nyigu, akaonyesha kwamba mwiba wake hauna vimeno na anaweza kuuchomeka na kuuchomoa anavyotaka. Ijumaa alikuja nge. Alipita chini ya mlango, akapanda mguu wa meza taratibu na kuinua mkia ulipotajwa. Tecla alisema magando ni ya kushikia na sumu iko mkiani, na nge akafungua magando yake matupu. Tandu alichelewa kwa sababu ya matope, akaonyesha kucha zake mbili za sumu kando ya mdomo. Alikuja pia yule mdogo mwekundu na mweusi ambaye watu humwita Nairobi fly ingawa si nzi, na ambaye mwaka ule wa mvua alikuwa amejaa kwenye kuta zote. Tecla alisema huyu hang'ati wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na anayemponda shingoni huamka ana malengelenge. Basi usimponde, mpulize aende zake. Watoto walimpulizia, naye akaenda.

Mwalimu mkuu, Bwana Kipsang, aliposikia habari hiyo alikuja kusimama mlangoni siku ya tandu. Aliuliza kama wageni hawa wanawauma watoto. Aliambiwa hapana. Basi akasema waendelee, mradi wasije wakati wa paredi.

Katika dawati la tatu karibu na dirisha alikaa Christabel, binti wa Phelix Oyugi. Oyugi ndiye mnyunyizaji aliyefariki. Alikuwa ametoka upande wa ziwani akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani, kisha akapewa pampu ya mgongoni. Pampu ile ilivuja kwenye kiungo cha chini. Kila mtu katika kambi ya wafanyakazi alijua, kwa sababu alirudi jioni shati limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni hata siku zisizo na mvua. Mke wake, Jerusa, alianza kulifua shati hilo peke yake, mbali na nguo za watoto, kwa sababu lilimchubua vidole. Mgongo wa Oyugi uliwashwa, ukachubuka, ukawa kidonda. Kucha zilibadilika rangi. Dispensari ya estate ilimpa mafuta ya kupaka. Baadaye pumzi ikaanza kumpotea alipopanda kilima, halafu alipotembea kwenye tambarare, halafu alipokuwa ameketi. Alifia hospitalini kabla ya Krismasi, akazikwa kwao. Ofisi ilituma sukari na unga, na neno kwamba aliumwa na buibui.

Jerusa alilikubali neno hilo kama mtu anavyopokea mgeni asiyemjua. Alimweka mahali, akaendelea na kazi.

Wiki ya buibui ilipofika, walikuja buibui wengi. Alikuja yule wa darini mwenye miguu mirefu, yule mdogo anayerukaruka ukutani, na mmoja mkubwa mwenye manyoya kutoka kwenye shimo la kando ya uwanja. Tecla aliwaeleza watoto kwamba buibui si mdudu, mhesabie miguu utaona. Alisema karibu kila buibui ana sumu, lakini ni ya kuulia nzi na panzi, na meno ya wengi wao hayawezi kutoboa ngozi ya mtu. Yule mkubwa akafungua meno yake yote watu wakaona. Watoto wengi walioogopa buibui siku ya kwanza walikuwa hawaogopi tena siku ya pili, na Tecla alirudi nyumbani amefurahi.

Siku iliyofuata alibandika ile picha ya ofisi ubaoni. Aliandika jina, "Buibui wa Chai". Aliandika makao yake na chakula chake kama alivyoelezwa. Kisha akasogeza kopo la chaki, kama ilivyokuwa desturi sasa, na darasa lote likatazama dirishani.

Hakuna aliyekuja.

Walingoja. Chepyegon, mvulana wa dawati la mbele, alitumwa aangalie chini ya mlango. Tecla alilisoma jina kwa sauti, mara ya pili akalisoma polepole, akidhani labda hakusikika. Buibui wa darini waliteremka kidogo kwenye nyuzi zao, wakaitazama picha, wakapanda tena.

Ndipo Phelix Oyugi akaingia kwa mlango. Alikuwa amevaa lile shati la kazi na pampu mgongoni. Aliacha gambuti zake nje pamoja na viatu vya watoto, akatembea miguu mitupu mpaka mezani, akasimama pale waliposimama wengine. Darasa likasimama na kumwamkia kama linavyomwamkia mzazi yeyote. Akaitikia, akawaambia wakae.

Christabel hakukaa. "Baba, umekula?" aliuliza.

"Nimeshiba, mama," Oyugi alimjibu. "Kaa usome."

Kisha akageuka, akalipa darasa mgongo, kama nyuki alivyofanya.

Harufu ya dawa ilijaa chumba. Tone lilitoka kwenye kiungo cha pampu, likaingia kwenye shati, likafuatwa na lingine. Tecla alishika rula yake ya kuonyeshea. Alikuwa amesomea ualimu, na mara zote alijua sentensi inayofuata. Sasa alijua sentensi inayofuata na hakutaka kuisema mbele ya Christabel.

"Endelea, Mwalimu," Oyugi alisema bila kugeuka. "Mimi nimekuja kwa hiyo."

Tecla akaendelea. Aliinua rula akaonyesha. Alisema sumu hii haina meno wala mwiba. Inakaa ndani ya tangi. Inatoka hapa, kwenye kiungo, kwa sababu mpira wake umekwisha. Inaingia kwenye nguo, kutoka kwenye nguo inaingia kwenye ngozi, na ikipata ngozi iliyochubuka inaingia haraka zaidi. Ikifika kwenye mapafu, mtu hukosa pumzi. Oyugi aliinua shati ulipotajwa mgongo, na akaonyesha kucha zake zilipotajwa kucha. Watoto walinakili kila kitu. Wengi wao baba zao walikuwa na pampu.

Kengele ilipolia, Oyugi hakutoka. Wale wengine wote walikuwa na mahali pa kwenda.

Jerusa aliletewa habari shambani, akaja na kikapu cha chai bado mgongoni. Alimkuta mumewe ameegemea ukuta wa nyuma wa darasa, karibu na kabati. Alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja mpaka hapa na hukupitia nyumbani," alisema.

"Niliitwa shule," Oyugi alijibu. "Kama mtu angeniita nyumbani ningekuja nyumbani."

Jerusa aliweka kikapu chini, akachukua leso yake, akampangusa mgongo. Ukalowa tena. Akapangusa tena. Alijaribu kuzivuta kamba za pampu mabegani lakini hazikulegea, na Oyugi akamwambia asijisumbue, atachubuka vidole. Walikaa hivyo mpaka mnyapara akatuma mtu kumwita Jerusa kwenye mizani, na akaenda, kwa sababu alikuwa kibarua na vibarua hawahesabiwi wakiwa hawapo.

Kutoka siku hiyo Oyugi alikuwa darasani kila asubuhi. Alisimama nyuma. Wakati wa hesabu alitazama mabegani mwa watoto, na mara moja alimsaidia Chepyegon kwenye kugawanya. Jioni Christabel alimkaribisha nyumbani, akafika mpaka uani, lakini hakuweza kuingia kwa sababu tangi liligonga mwimo wa mlango. Basi alikaa nje kwenye kigoda, na Jerusa akatoa sufuria akapikia pale uani chini ya mwavuli. Watoto walilala vizuri siku hizo. Oyugi mwenyewe hakulala.

Bwana Weldon alikuja wiki iliyofuata, kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kuuliza mambo ya mipira ya pampu. Alimsalimia Bwana Kipsang, akamsalimia Tecla, akamsalimia Oyugi kwa mkono na kumpa pole. Kisha akazunguka nyuma yake akaitazama pampu.

Alisema anafurahi imepatikana. Mtunza stoo alikuwa ameitafuta tangu Desemba.

"Inavuja," Tecla alisema.

Bwana Weldon alijibu kwamba hilo linajulikana. Mpira uliagizwa, lakini barabara ya kutoka Mombasa ilikuwa imekatwa na mvua mahali pengi na mizigo haipiti. Alipoweka mkono kwenye kamba, kamba zikalegea zenyewe. Aliitoa pampu mabegani mwa Oyugi na kumpa dereva wake. Oyugi alijinyoosha, akashusha mabega. Mgongo wake uliendelea kudondoka maji yale yale.

Kabla ya kuondoka, Bwana Weldon alimwita Tecla nje. Alimwambia kwa upole, kwa Kikipsigis, kwamba anawajua wazazi wake wa Kapkatet na anajua chai yao inapokelewa na kiwanda gani. Somo la mwisho halikufundishwa kama lilivyoletwa. Maswali ya mtihani wa muhula yalikuwa yameshapigwa chapa, na buibui wa chai alikuwemo.

"Hakuja," Tecla alisema. "Wengine wote walikuja. Huyo nilimwita na hakuja."

"Si lazima aje, Mwalimu," Bwana Weldon alisema. "Ni lazima afundishwe."

Tecla alikaa siku tatu bila kumfundisha. Aliwafundisha watoto mito na milima. Bwana Kipsang alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamwambia habari za madarasa mawili yasiyo na sakafu ambayo kampuni ilikuwa imeahidi kuyasakafia. Hakumlaumu. Alionekana amechoka, na alimwomba tu afikirie. Siku ya nne Tecla aliibandika picha tena. Aliandika ubaoni kwamba buibui wa chai huishi katika magugu, huuma mgongoni, na sumu yake husababisha vidonda na kukosa pumzi. Aliandika akiwa amelipa darasa kisogo na hakugeuka mpaka walipomaliza kunakili. Oyugi alisoma sentensi zote mpaka mwisho. Alisoma polepole, kwa sababu shule aliiacha mapema, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia.

Mchana huo buibui waliondoka shuleni. Waliteremka kutoka darini, wakatoka kwenye pembe na nyuma ya kabati, wakapita dirishani mmoja mmoja na kushika njia ya msituni. Hakuna aliyewafukuza. Nzi wakaongezeka.

Nyumba ya kambini ilikuwa ya Oyugi kwa sababu ya kazi ya Oyugi, na kibarua hapewi nyumba. Jerusa aliambiwa aihame, isipokuwa kama kuna mtu wa familia atakayechukua kazi ile. Alikuwepo Obiero, mdogo wake Oyugi, aliyekuwa akibeba mizigo katika soko la Ndanai. Alikuja na begi moja. Alimkuta kaka yake uani kwenye kigoda, wakasalimiana, wakakaa pamoja muda mrefu wakizungumza juu ya mama yao na ng'ombe aliyezaa.

Kesho yake Tecla alimfuata Obiero njiani kabla hajafika stoo. Alimweleza yote, mpira, shati, ngozi, mapafu. Obiero alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, na alivua kofia aliposikiliza.

"Mwalimu, hayo kaka ameniambia mwenyewe," alisema. "Ameniambia mpaka akalia. Sasa niambie na wewe. Hawa watoto watalala wapi?"

Tecla alisema hajui. Chumba chake mwenyewe cha mwalimu kilikuwa cha kampuni, na kilikuwa na kitanda kimoja.

Obiero akavaa kofia, akaenda stoo, akapewa pampu. Ilikuwa imeoshwa na kupigwa rangi mpya ya bluu. Ilivuja pale pale. Jerusa alimshonea mfuko wa nailoni wa kufunika mgongo, na siku mbili ulimsaidia. Siku ya tatu uliyeyuka kwenye mishono. Mnyapara akamkataza kuuvaa, akisema unawatia wengine hofu.

Mtihani ulifanywa Aprili, asubuhi ambayo mvua ilikuwa imepumzika na milima ilionekana. Tecla aligawa karatasi, akatembea kati ya madawati. Swali la kumi na nane liliuliza ni kiumbe gani husababisha vidonda vya mgongo kwa wafanyakazi wa chai. Kulikuwa na majibu manne ya kuchagua. Yote yalikuwa na miguu.

Christabel aliyajibu mengine yote. Kisha akainua mkono.

"Mwalimu, hii niandike gani?"

Tecla alisimama kando yake. Alitazama ukuta wa nyuma, lakini Oyugi hakuwepo asubuhi hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa.

"Andika ile ya kupita," alisema.

Christabel akamtazama usoni. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu mzima anayempa nafasi mwenzake aseme zaidi, na Tecla hakusema zaidi. Basi mtoto akaweka alama kwenye buibui. Darasa lote liliweka alama kwenye buibui, hata Chepyegon, ambaye kwa kawaida hukosea. Bwana Kipsang alisema baadaye kwamba hilo ndilo swali ambalo shule yao ilifanya vizuri kuliko maswali yote.

Christabel alimaliza mapema. Alifunika karatasi yake, akageuka dirishani.

Chini, kati ya mistari ya michai, Obiero alikuwa akinyunyiza. Alitembea polepole, mkono mmoja ukisukuma mpini wa pampu, mwingine ukiongoza bomba kwenye magugu. Nyuma yake, karibu sana, alitembea kaka yake. Oyugi alikuwa ameinama kidogo ili alingane naye, na alikuwa amekinga kiganja chini ya kile kiungo ili tone lisifike kwenye shati. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, akibadilisha mkono ulipochoka, na kila walipofika mwisho wa mstari aligeuka pamoja naye.

Tone lilipita katikati ya kiganja chake, likaingia kwenye shati la Obiero. Mgongo ulikuwa umeshalowa mpaka kiunoni.